Muhula wa Kwanza, Nyuma ya Kaunta

Januari imefika na shule yetu ya nyumbani imefunguliwa rasmi, nyuma ya kaunta ya duka letu la vifaa vya ujenzi. Mwalimu mkuu ni mimi. Mhasibu ni mimi. Mpishi wa uji, nikikumbuka, ni mimi. Madawati ni mifuko ya simenti ya kilo 50, na dawati likiuzwa, mwanafunzi anasimama.

Ratiba niliiandika kwa kalamu za rangi tatu. Saa mbili, hesabu. Saa mbili na dakika tano akaingia fundi kutaka misumari ya inchi nne, kilo moja na robo, akaomba alipe Jumamosi. Binti yangu wa gredi ya nne akapima, akapiga hesabu kichwani, kisha akamkazia macho: "Jumamosi ya wiki gani, fundi?" Nikampa alama zote. Swali hilo mimi limenishinda miaka yote.

Hapa Kenya, Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inataka kila mtoto ahudhurie shule bila kukosa. Wangu atakosaje, na analala darasani? Mwenye wasiwasi ni jirani, anayeuliza kama mtoto "anachangamana na wenzake". Kwa siku moja anachangamana na mafundi, madalali, wasukuma mikokoteni, na mbuzi wa jirani huyo huyo.

Sayansi ilikuwa ianze saa nne. Imeahirishwa: lori la mabati limefika, na mwalimu mkuu niko nje ninapakua.