Biblia ya Mkebe na Sinki Lisilokuwepo

Aibu ya kukaripiwa na mama mkwe hupungua akishapanda basi kurudi kwake. Aibu ya kukaripiwa na kitabu ulichokinunua kwa fedha yako hukaa mezani wiki nzima ikikutazama, na ndiyo inayowawasha sasa hivi akina mama Wakristo wa Kampala wanaopenda kusoma. Unafungua kitabu cha nasaha za nyumba utafute faraja, unakuta umeshafeli kabla ya kuanza. Marla Cilley, Mmarekani anayejulikana zaidi kama FlyLady, alitoa Sink Reflections mwaka 2002, na agizo lake la kwanza kwa mwanamke aliyezidiwa na fujo ni kung'arisha sinki la jikoni mpaka limetemete. Agizo zuri, mradi sinki lipo. Katika nyumba za chumba kimoja za Bwaise na Katwe vyombo huoshwa barazani, kwenye beseni, kwa maji ya kubebwa na jerikeni, na beseni hilohilo jioni humwogesha mtoto. Mama huyo ang'arishe nini? Na bado hajafika kwa mume wa vitabu vya namna hii, anayerudi kutoka kazini jua lingali juu, kana kwamba duniani hakuna foleni ya Jinja Road.

Dai langu ni dogo: kitabu cha nyumbani hakina budi kuijua nyumba kinakokwenda kukaa. Wachapishaji wa Kikristo walilijua jambo hili zamani, tena kwa ajili ya wasomaji wa hapahapa, na ushahidi wake unashikika kwa mkono. Biblia nzima ya Kiganda ilitoka mwaka 1896, kwa tafsiri iliyoongozwa na George Pilkington akisaidiana na Henry Wright Duta. Ilipigwa chapa katika umbo la ajabu, jembamba kwa upana na nene kupita kiasi, na wala halikuwa kosa la mpiga chapa. Ilipimwa ili iingie ndani ya mkebe wa biskuti za Huntley & Palmers, kampuni ya mji wa Reading, Uingereza. Mkebe ulifunga vizuri, na ndani yake Neno la Mungu liliweza kulala usiku bila kuliwa na mchwa.

Naomba ruhusa nimsifu mchwa kidogo, maana ni msomaji asiyeruka ukurasa. Ngozi yake ni laini, hewa kavu humuua upesi, kwa hiyo hatembei peupe: hujenga kijia cha udongo na mate kutoka ardhini, hupanda nacho ukutani, akaingia kitabuni kwa nyuma au kwa chini. Hula kurasa za ndani akaliacha jalada lisimame, na mwenye kitabu hujiona ana maktaba mpaka siku anapotaka kusoma. Anachokifuata ni selulosi, zile nyuzi za mti zilizobaki kwenye karatasi. Baadhi ya wajenzi wa vichuguu wana ufundi zaidi, kwa sababu tumbo lao halimalizi kazi peke yake. Hupeleka walichokula kichuguuni, wakakitoa kama mbolea, wakaoteshea kuvu shambani mwao chini ya ardhi, kisha wakala kilicholainishwa na kuvu hiyo. Mvua zikinyesha, kuvu za mashamba ya namna hiyo huchipua juu ya ardhi kama uyoga mdogo mweupe, obutiko obubaala, mboga ya heshima kwa Waganda. Mvua zizo hizo huwatoa kumbikumbi, nao twawakaanga. Basi inawezekana kabisa kwamba mke wa mwinjilisti wa Namirembe aliwahi kukila kitabu cha Walawi mara mbili, kwanza katika mchuzi wa uyoga, halafu kutoka kikaangoni, na hicho ndicho kitabu chenyewe kinachopanga wadudu gani waliwe na gani waachwe. Waliolikubali umbo lile la Biblia kwa ajili ya mdudu wa Uganda walikuwa wamejiuliza swali moja tu: kitabu hiki kitalala wapi?

Swali hilo siku hizi haliulizwi. Wenzangu wa kanisani hunijibu kwamba Maandiko hayana taifa, na kitabu kilichosimama juu ya Maandiko kinafaa Texas kama kinavyofaa Ntinda. Sawa, tuyafuate hayo Maandiko. Mke mwema wa Mithali 31 huamka kungali giza, huwagawia vijakazi kazi zao, hununua shamba, hutengeneza nguo na kuwauzia wafanyabiashara, wakati mumewe ameketi langoni pamoja na wazee. Huyo namjua: ana kibanda Owino, ana kiwanja Mukono, na mumewe yuko kwenye kikao. Mwanamke wa vitabu vyetu vya kuagizwa, mwenye gari, watoto wawili na alasiri ya kuoka keki, ndiye anayehitaji kufafanuliwa.

Pingamizi la pili lina nguvu zaidi: chukua kanuni, acha vijambo vidogo. Lakini katika vitabu vya nyumbani imani yenyewe imejificha ndani ya vijambo vidogo, hasa katika kuhesabu nani ni familia. Ukiacha sinki unabaki na kaya ya watu wanne. Mpwa anayelipiwa ada hayumo, shangazi aliyekuja kwa matibabu akakaa miaka miwili hayumo. Sura za mazungumzo ya mezani humdhania mtoto yupo mezani, ilhali wetu wengi wako bweni mihula mitatu kwa mwaka. Na msichana wa kazi hayumo kabisa. Hapa kicheko changu hukatika. Katika nyumba ambazo baba na mama huondoka alfajiri na kurudi usiku, anayemlea mtoto ni msichana aliyetoka kijijini jana, na kitabu cha malezi ya Kikristo chaweza kwenda mpaka jalada la nyuma kisimpe hata aya. Kima cha chini cha mshahara Uganda kiliwekwa mwaka 1984 kuwa shilingi 6,000 kwa mwezi na hakijaguswa tangu hapo. Kitabu cha kutoka Marekani kuhusu kumlea mtoto kwa upendo kinauzwa kwa mara kadhaa ya fedha hiyo. Tunakinunua, tunakipigia mistari, halafu tunabishana na yaya kuhusu likizo ya Krismasi. Sijasikia kikundi cha akina mama kilichokisoma pamoja naye.

Watu husema basi andikeni chenu, kana kwamba hakijawahi kuandikwa. Mwana Kupona wa Pate alimtungia binti yake utenzi wa nasaha mwaka 1858, akiwa mgonjwa. Sikubaliani na kila alichoagiza kuhusu mume, na dini zetu ni mbili, ila alimjua msomaji wake na nyumba yake. Daktari Albert Cook wa Mengo na mkewe Katharine waliandika kitabu cha ukunga kwa Kiganda. Walter Trobisch, mmisionari Mjerumani, aliandika kuhusu ndoa kutokana na barua za kijana wa Kameruni. Lawino, mke anayelalamika katika utenzi wa Okot p'Bitek wa 1966, anawacheka mapadre, lakini hakuna aliyelihakiki jiko la kigeni kwa ukali kama yeye. Vya kuagizwa, kwa upande wao, hata waandishi wake huvikana: Mmarekani Joshua Harris, aliyewafundisha vijana kuacha uchumba kwa kitabu chake cha 1997, alikiondoa mwenyewe sokoni mwaka 2018, wakati waliokitii walikuwa wameshafikisha miaka arobaini.

Uwezo wa kuandika si tatizo. Mchapishaji wa Kampala huishi kwa vitabu vya shule, na kitabu kisicho kwenye silabasi kwake ni hasara ya wino. Cha kwetu kitatoka siku UNEB, baraza la mitihani la taifa, itakapoanza kutahini somo la mashemeji.