Kila Kitu Kina Mwenyewe

Mpwa wangu amerudi likizo kutoka Morogoro mjini. Yuko kidato cha tatu, na tangu aingie humu ndani, hapa Mabwerebwere, Kilosa, hakuna anayegusa kitu bila kuulizwa ni cha nani. Shuleni kwao wana klabu ya kuandika kwenye Wikipedia ya Kiswahili, ile kamusi elezo ya mtandaoni iliyoanza mwaka 2003, ambayo yeyote mwenye bando anaweza kuiongezea. Niliposikia nilifurahi. Nikasema mtoto kashika kompyuta, kesho keshokutwa atapata kazi ya kukaa kivulini. Kumbe huko wanafundishwa hakimiliki.

Jumapili natengeneza tangazo la kikoba chetu kwenye simu. Nimechukua ua zuri kwenye kadi ya harusi ya watu, nalibandika juu ya jina la mweka hazina. Kijana kasimama mgongoni kwangu kama msimamizi wa mtihani. "Shikamoo mjomba. Hilo ua umeruhusiwa?" Ua! Kwetu ukoo huhesabiwa kwa mama, na mjomba alikuwa akikohoa tu watu wanakaa. Siku hizi mjomba anaombwa kibali cha ua.

Nikaona nimpe kitu ambacho hakina mjadala. Ninayo picha niliyopigwa studio Kilosa mjini enzi za ujana, nimevaa suti ya kuazima mbele ya pazia lenye maporomoko ya maji. Nikamwambia aiweke kwenye makala ya Mabwerebwere, walimwengu waone sura ya mwenyeji. Akaigeuza, akasoma muhuri wa studio nyuma.

"Mjomba, hii si yako."

"Sura ni ya nani?"

"Sura yako. Picha ya aliyeipiga."

"Na pazia?"

"Pazia nalo kuna aliyelichora."

Kwa hiyo katika picha yangu mwenyewe mimi nina sura peke yake, maana hata suti ilirudi kwa mwenyewe Jumatatu yake.

Basi akapiga yeye nyingine, mimi na mbuzi, kwa simu yake. Hiyo inafaa, kwa sababu kabonyeza yeye. Nikauliza tunalipwa kiasi gani. Hakuna. Ukishaiweka umeruhusu dunia nzima kuitumia, hata kibiashara, mradi wamtaje mpigaji. Yaani kesho mtu anaweza kunichapa kwenye kanga akauza doti kwa doti, na jina litakaloandikwa ni la mtoto. La mbuzi sijauliza.

Muelewe tunakotoka. Sisi tumesoma kwa desa. Mwalimu alinakili kutoka kwa mwalimu wake, sisi tukanakili ubaoni, wadogo zetu wakatoa kopi steshenari. Nyimbo tumejaziwa kwenye flashi, sinema tumezionea kibanda umiza, na nchi haikuanguka. Leo kijana ananisomea Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999: maneno ya mwandishi yanalindwa maisha yake yote, kisha miaka 50 baada ya kifo. Marehemu wa nchi hii wana ulinzi kuliko duka langu.

Ila kuna jambo moja alilieleza vizuri, lazima niseme. Habari yenyewe haina mwenyewe, maneno ndiyo yenye mwenyewe. Kwamba reli ya kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro 1907 na Kigoma 1914, hiyo ni ya kila mtu. Lakini aya nzuri aliyoiandika mtu kuhusu reli hiyo huibebi nzimanzima. Mwenzao mmoja klabuni alibeba. Aliandika juu ya Hifadhi ya Mikumi, iliyoanzishwa 1964, kwa kuchota aya nzima mahali fulani mtandaoni. Mkabidhi (ndivyo wanavyowaita wenye madaraka ya kufuta) akaifuta. Yule mwenzao akarudi na aya ileile, tembo kageuka "mnyama mkubwa mwenye mkonga", simba kageuka "mfalme wa nyika", twiga sikumbuki kafanywaje. Ikafutwa tena. Mwizi wa kuku akibadili shati, kuku bado ni wa jirani. Safari hii yule mwenzao akasoma, akafunga kila kitu, akaandika alichoelewa. Mistari minne tu, lakini yake. Mwalimu wangu wa kidato cha pili angempa sifuri kwa kutofanana na ubao.

Kwa Shaaban Robert ndipo nilipokasirika kweli. Amefariki 1962. Jumlisha 50, kwa hesabu ya Tanzania vitabu vyake ni mali ya wote tangu kuanza kwa 2013. Nikasema haya, tuanze na Kusadikika. Kijana akatikisa kichwa. Kamusi ni ya shirika la Marekani, na kule vitabu vya zamani vina hesabu nyingine: miaka 95 tangu kuchapishwa. Kusadikika ilitoka 1951, kwa hiyo kule imefungwa hadi mwisho wa 2046. Mtu wa Tanga, kaandika Kiswahili, kazikwa kwao, na bado ana kifungo Marekani.

Haya, tuache wakubwa, tuandike kwetu. Makala ya Mabwerebwere ipo. Inasema ni kata ya Wilaya ya Kilosa, Mkoa wa Morogoro, kisha chini inajitangaza kuwa bado ni mbegu na kuomba mwenye habari aongeze. Wenzetu wa kata ya Ulaya angalau watu huangukia kwao kwa bahati, wakitafuta ile Ulaya nyingine. Sisi hatuna hata wa kupotea njia.

Tukamwita babu. Babu akamwaga yote: mashamba ya katani, nani alilima wapi, mto ulipita wapi kabla ya kuhama. Mtoto kajaza daftari, kisha kasema hayatumiki, maana kila habari iwe na chanzo kilichochapishwa. Babu hajachapishwa. Babu akauliza hilo linatibiwa wapi.

Na waliochapishwa ni akina nani? Kwa ngano na mila za Wakaguru, watu wa mama yangu, utapelekwa kwa Thomas Beidelman, Mmarekani aliyefika huku 1957, akakaa na wazee, kisha akatoa kitabu kizima mwaka 1971, kwa Kiingereza. Simlaumu, yeye alikaa akasikiliza. Lakini sasa ili niseme alichosema bibi yangu ninunue kitabu, nikielewe, nisikinakili, kisha nimtaje Mmarekani. Nikasikia sheria ileile ya 1999 inalinda pia ngano na ngoma za jadi, anayetaka kuzifanyia biashara aombe kibali. Bibi alikuwa akisimulia kwa muhogo wa kuchoma. Hakujua ana miliki.

Magazeti nayo hutukumbuka tukifa maji. Mto Mkondoa ulipofurika mwisho wa 2009 na mwanzo wa 2010, reli ikakatika, Kilosa ikaandikwa kila siku. Maji yalipokauka, wino nao ukakauka.

Kwa hiyo naomba. Mwenye gazeti la zamani, taarifa ya kata, kalenda ya parokia, chochote kilichopigwa chapa na kuitaja Mabwerebwere, asifungie maandazi. Atuletee. Kijana anafungua shule wiki ijayo. Tutasoma tu na kurudisha, kopi hatutoi.