Namna ya Kubomoa Ukuta wa Chuo Bila Kumsumbua Mtu

Hongera, fedha za mradi zimeingia. Sasa unataka ukuta wa ofisi ya katibu muhtasi uondoke, na mtaro uchimbwe kutoka jengo la utawala hadi maabara mpya ili kebo ya intaneti ipite. Mwaka wa fedha unafungwa tarehe 30 Juni na mfadhili anasubiri picha. Mwongozo huu ni wako, mkuu wa idara ambaye hujawahi kuwaona watu wa Milki, wasimamizi wa majengo ya chuo, wakiwa wamekasirika.

Anza na jina. Usiseme "ujenzi". Neno hilo lina mguu, litafika OSHA, Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, nao watakuja na Sheria Na. 5 ya mwaka 2003. Litafika pia Bodi ya Usajili wa Makandarasi, waulize mkandarasi wako yuko daraja gani na kibao cha mradi kiko wapi. Wewe sema "marekebisho madogo". Nimewahi kuona marekebisho madogo yenye nondo za milimita 16.

Akija ofisa usalama kukuuliza kibali cha kazi, mshangae: fundi wako ni mzaliwa wa Tandahimba, kibali cha kazi si ni cha wageni? Utani huo utakupa nusu saa. Anachotaka mwenzako ni karatasi inayosema nani anachimba, wapi, kina gani, na nani amezima umeme.

Kuhusu ukuta, usihangaike na mhandisi wa miundo. Gonga kwa vidole. Ukilia kama debe tupu, ni wa kugawa vyumba tu. Ukinyamaza, gonga tena mpaka ulie. Michoro ya jengo ipo, imefungiwa kabatini, na mwenye ufunguo yuko likizo. Nguzo ni ile iliyonona kidogo. Fundi ataitambua akishaifikia nondo.

Dari la zamani nalo lisikutishe. Majengo mengi ya miaka ya 1960 na 1970 yana asbestosi, nayo ni mpole sana siku ya kwanza. Vumbi lake halina harufu wala halikohozeshi papo hapo. Saratani yake ya mapafu husubiri miaka 20, 30, hata zaidi. Kufikia hapo fundi atakuwa amesahau jina la chuo, na chuo hakikuwahi kulijua jina la fundi.

Tuje kwenye mtaro, maana hapo ndipo penye uhondo. Siku nzuri ya kuchimba ni Ijumaa saa kumi jioni, Milki wameshapanda daladala. Shuka mita mbili wima, bila mbao wala mabati ya kuzuia kuta. Udongo ulundike pale pale ukingoni, usijichoshe kuupeleka mbali, utarudi wenyewe. Mita moja ya ujazo ina uzito wa kama tani moja na nusu, na haipigi hodi. Ila usipite kando ya msingi wa jengo mbele ya watu waliokuwa Kariakoo tarehe 16 Novemba 2024, siku ghorofa lilipoporomoka na kuua watu zaidi ya 20. Watakuuliza maswali.

Zaidi ya yote, mkwepe yule mzee fundi umeme. Kila chuo kina wake. Wa kwetu alibakiza miezi minne astaafu. Alitukuta tumeshapiga chokaa kwenye nyasi, ramani mkononi.

"Dokta, hapo hamchimbi."

"Shikamoo mzee. Ramani inaonyesha hapa hapana kitu."

"Marahaba. Ramani ilichorwa kabla mwembe haujaanguka. Tulipoung'oa tukaizungusha kebo. Iko hapo ulipokanyaga."

Kwa heshima tu tukaacha sururu, kijana akashuka na koleo polepole. Udongo wa pale ni mwekundu kama tofali. Kwenye sentimita 70 hivi ukabadilika: mchanga mweupe, laini, wa mtoni. Kijana akafurahi kwamba kazi imelainika. Mzee akamshika bega. "Mchanga huo hauzaliwi hapa. Uliletwa na lori." Akaufagia kwa kiganja, ukatokea utepe wa njano wa tahadhari, umechakaa, maandishi yamefutika nusu. Chini yake ililala kebo ya kilovolti 11, nene kama mkono wa kijana mwenyewe, ikiwa hai.

Mtu wa namna hiyo ataharibu ratiba yako. Tena siku hiyo hiyo alitupeleka kwa miguu kutuonyesha bomba la maji lililo kipimo cha hatua tisa kutoka kwenye tangi, na shimo la maji taka lililofunikwa slabu mwaka ambao hakuna aliyeuandika. Hakuna hata kimoja kilichokuwa kwenye ramani. Tulichelewa siku kumi na mbili. Picha za mfadhili zikapigwa Julai.

Yule mzee amestaafu sasa. Kabla hajaondoka walimkalisha siku mbili na mchoraji, akaeleza chuo kizima kuanzia transfoma. Ramani hiyo mpya inaambatishwa kwenye fomu ya kibali cha kuchimba. Fomu ina kurasa mbili, inatolewa bure masijala, dirisha la pili. Wanafunga saa tisa na nusu.