Sifa za Seva Inayosubiri Waya Usiokuwepo

Wako waliomsifu simba, wako walioisifu dhahabu. Mimi naisifu subira ya seva yetu ya ofisini, ile ya Ubuntu, ambayo kila umeme ukikatika na kurudi hukaa dakika mbili nzima ikingoja mtandao kabla ya kumaliza kuwaka.

Subira hii si ya kubahatisha, imepangwa: sekunde 120. Seva ina matundu mawili ya waya wa mtandao, na yote mawili yameorodheshwa kwenye faili lake la mipangilio ya mtandao, la Netplan. La kwanza limechomekwa, taa yake inapepesa, anwani limeshapewa. La pili li tupu tangu seva itolewe kwenye boksi. Kiumbe dhaifu angeona hakuna waya, akajiendea zake. Seva haikati tamaa. Kwenye kioo, vinyota vyekundu vinakwenda kulia, vinarudi kushoto, na muda unahesabiwa mbele ya macho yako: nusu dakika, dakika, dakika na nusu. Ikifika 120 inatangaza kwamba imeshindwa, kisha inawaka vizuri kabisa, kana kwamba waya ule haukuhitajika. Na kweli haukuhitajika.

Fadhila zake nyingine ni ndogondogo: inatupa nafasi ya chai, inawapunguzia kiburi wenye haraka.

Haki yake nayo tuiseme. Zipo swichi za mtandao ambazo tundu likishawaka hukaa kama sekunde 30 kabla ya kupitisha ujumbe, zikihakikisha mtandao haujizungushi. Kungoja huko kuna maana. Lakini tundu tupu! Anangojwa nani humo? Jana hapakuwa na waya, leo hapana, na kesho hautaota!

Dawa yake ni mstari mmoja kwenye faili la Netplan, useme tundu la pili si la lazima. Fundi anaujua. Ila kuligusa faili kunataka kibali, kibali kinataka barua, na barua imelala mezani kwa mkuu wa kitengo, naye yuko semina. Msaidizi wake yupo, kalamu anayo, ruhusa ya kusaini hana. Seva ikingoja, dirishani wananchi wanaambiwa, “Mtandao unasumbua.” Mtandao umesumbua nini, maskini?

Seva angalau imewekewa ukomo. Barua haina. Mheshimiwa mkuu, tia saini hiyo moja tu, kisha urudi semina kwa amani.