Cantona wa Gikomba

Shati la Manchester United lenye saini ya Eric Cantona, lile ambalo Cantona mwenyewe alilivua baada ya mechi na kumkabidhi binamu ya muuzaji, lina dosari moja tu: kifuani limeandikwa AIG. Cantona alitundika daluga mwaka 1997. AIG waliingia kwenye shati hilo mwaka 2006. Nilimweleza muuzaji hayo, pale sokoni Gikomba, kwa upole wote niliofunzwa na mama yangu, naye akanitazama kwa huruma.

"Boss, Cantona ni mtu wa kurudi-rudi."

Sikuwa na la kujibu. Ukiwa mkusanyaji wa mashati yenye saini huku Eastlands, sharti uzoee kushindwa kwa hoja na watu wasio na hoja. Akaongeza kwamba hiyo ni kamera, mali iliyochaguliwa robota lilipofunguliwa kabla hata jua halijachomoza, na kwamba kwa vile nina uso wa mtu anayejua mpira, atanipunguzia. Nilichojua mimi ni kwamba saini yenyewe ilikuwa nzuri mno. E ya Eric ilikuwa na mikunjo ya kadi ya harusi.

Saini feki ndivyo ilivyo, hupendeza. Mchezaji wa kweli hutia saini akiwa wima, jasho linamchirizika, dereva wa basi anapiga honi, na watoto wamemzonga kila mmoja akisukuma daftari. Shati limeshikwa na mtu anayetetemeka. Kitambaa kinavutika, maka inakwama kwenye mshono, na kufikia herufi ya tatu jina limeshapotelea kwapani. Mghushi naye ana meza, ana taa, ana chai ya maziwa. Huandika jina lote hadi herufi ya mwisho, tena polepole, na hiyo polepole ndiyo inayomuumbua: kila anapotua kukumbuka mkunjo unaofuata, wino unazama na kuacha kidoa.

Halafu kuna zile ambazo hazikuandikwa na mtu yeyote. Zimechapwa kiwandani pamoja na shati. Ukikuta kibanda kimoja kina mashati matatu ya mchezaji yule yule, saini ziko mahali pale pale na mkia wa herufi umepinda vile vile, rudisha pochi mfukoni. Hakuna binadamu anayerudia saini yake bila tofauti. Mimi benki hunikumbusha hilo kila ninapoenda kutoa pesa zangu mwenyewe.

Kwa mambo ya Gor Mahia na AFC Leopards, yaani Ingwe, sihitaji kioo cha kukuzia. Naenda Kaloleni, kwa mzee mmoja anayekaa nje karibu na ukumbi wa jamii, ambaye amewaona wachezaji wengi zaidi ya marefa wote wa nchi hii. Siku moja nilimpelekea shati la kijani ambalo jamaa wa Shauri Moyo alikuwa ameniachia nilikague kabla ya kulipa. Lilisemekana kuvaliwa tarehe 5 Desemba 1987, pale Kasarani, Gor walipotoka sare ya 1-1 na Espérance ya Tunisia na kutwaa Kombe la Mandela kwa mabao ya ugenini, baada ya ile 2-2 ya Tunis. Hakuna klabu nyingine ya Kenya iliyowahi kuleta nyumbani taji la bara. Ndiyo maana mashati "yaliyovaliwa siku hiyo" yanazidi kuongezeka kila mwaka. Kwa hesabu yangu, Peter Dawo peke yake alibadilisha jezi kila baada ya dakika nne.

Mzee hakuitazama saini. Aligeuza shati, akatafuta ile lebo ndogo ya maelezo ya kufua, akainyoosha mbali na macho kwa sababu miwani alikuwa ameikalia wiki iliyopita, akaanza kusoma kwa sauti: "Dabliyu, dabliyu, dabliyu, nukta..."

Akatulia.

"Hii ni ya mwaka gani, kijana?"

"Themanini na saba, mzee."

"Themanini na saba mimi nikitaka kuongea na ndugu yangu Kisumu, napanga foleni kwa kibanda cha simu na shilingi mkononi. Hawa walikuwa na tovuti?"

Akanirudishia shati, akaniagiza nimletee gazeti nikirudi. Hiyo ndiyo ada yake.

Taabu ni kwamba watu hawapendi ukaguzi wa lebo. Wanapenda cheti. Shemeji yangu, ambaye simtaji kwa sababu nataka kuendelea kula Jumapili, alikuja nyumbani Umoja na shati la Barcelona ndani ya fremu ya kioo, saini ya Lionel Messi kwenye namba 10, na cheti cha uhalisi chenye muhuri mwekundu na stika inayong'aa. Cheti ninacho hadi leo. Kimetiwa saini chini na "Mkurugenzi wa Uthibitisho", na mkurugenzi huyo ana mwandiko wa Messi. Mlalo ule ule, maka ile ile, kidoa kile kile kwenye kiungo cha herufi. Kwa maneno mengine Messi alitia saini, kisha akazunguka meza akajishuhudia.

"Umeona muhuri?" shemeji akauliza.

Nilisema nimeuona. Mke wangu alikuwa ananikazia macho. Shati likapigiliwa ukutani, juu ya runinga.

Msidhani ni ushamba wetu tu. Marekani, miaka ya tisini, wapelelezi wa FBI walianzisha Operesheni Bullpen, wakaivunja mitandao ya waghushi California waliokuwa wakitoa saini za kila mtu na vyeti vya kila saini. Miongoni mwa mali waliyokamata kulikuwa na mipira ya besiboli yenye saini ya Mama Teresa. Wanunuzi walikuwa watu wazima, na hakuna aliyejiuliza mtawa wa Kolkata alikuwa anacheza nafasi gani. Cheti kilikuwapo, yakaisha. Na sisi wenye River Road, ambako mtu huingia kichochoroni fundi akatoka mhandisi, tuna haki gani ya kushangazwa na karatasi yenye muhuri?

Lakini kinachonichekesha kuliko vyote ni shati la Maradona, lile la 22 Juni 1986, la mkono wa Mungu. Steve Hodge wa Uingereza alibadilishana naye baada ya mechi, na Mei 2022 liliuzwa kwa mnada wa Sotheby's, London, kwa pauni milioni 7.1. Sasa sikiliza lilikotoka. Kocha Bilardo aliona jezi za buluu za Argentina ni nzito mno kwa joto la Meksiko. Mtu wa timu akatumwa madukani mjini kutafuta nyepesi, akarudi na mashati ya dukani. Nembo zikashonewa juu juu, na namba za mgongoni, za rangi ya fedha, zilikuwa zile za mpira wa Kimarekani, zikabandikwa kwa pasi siku moja kabla ya robo fainali. Shati la dukani, nembo ya kushonewa, namba ya mchezo mwingine! Lingeletwa Gikomba, mimi mwenyewe ningelikataa. Na hata kabla ya mnada, familia ya Maradona ilisema hilo ni la kipindi cha kwanza, si lile lililofunga mabao. Ilibidi wataalamu walinganishe picha za mechi na kitambaa chenyewe, mistari, nembo, namna namba zilivyokaa, kasoro kwa kasoro. Ule uharaka wa cherehani ndio uliolitetea. Kazi safi isingekuwa na cha kulinganishwa.

Huku kwetu saini za kweli zilipotea kwa sababu nyingine: hakuna aliyeziomba. McDonald Mariga na mdogo wake Victor Wanyama walikulia Muthurwa, watoto wa Noah Wanyama aliyechezea AFC Leopards. Mwaka 2010 Mariga alikuwa kwenye kikosi cha Inter kilichotwaa Ligi ya Mabingwa. Novemba 2012 Wanyama aliifunga Barcelona kwa kichwa akiwa na Celtic. Sasa mtafute Muthurwa nzima mtu aliyechukua saini zao wakiwa watoto. Utapata waliowanyang'anya mpira. Joe Kadenge naye, ambaye jina lake lilikuwa wimbo wa redio kila Jumapili, aliendesha teksi mjini Nairobi uzeeni. Nikifikiria abiria wote walioshuka bila kudai risiti yenye saini, naumwa na kichwa.

Basi nikaapa nitaanza na walio karibu. Kuna winga mmoja aliyewahi kuvaa jezi ya Harambee Stars, tuliyesoma naye shule ya msingi, na ambaye sasa hufundisha vijana pale Camp Toyoyo, Jericho. Nilimfuata mazoezi yalipoisha, nikiwa na shati na maka mkononi.

"Niwekee saini hapa, buda."

Akarudi nyuma hatua mbili. "Sacco gani?"

"Si mambo ya Sacco. Ni saini tu."

"Aliyeniambia ni saini tu, nilimdhamini. Mpaka leo mkopo wake unakatwa kwangu."

Ilinibidi nimwonyeshe kwamba shati halina fomu ndani. Alitia saini kwa sekunde moja akiangalia kama kuna shahidi: nusu ya herufi, kisha mstari uliokimbilia mbavuni. Saini nzuri ajabu. Niliitundika ukutani kando ya Messi wa shemeji, bila fremu, na wageni wote walimsifu Messi.

Kisha mama yangu akaja kututembelea kutoka nyumbani.

Mama haamini katika nguo zilizopigiliwa misumari. Niliporudi kazini nilikuta fremu imefunguliwa kwa ustadi, skrubu zimepangwa kwenye kisosi, pipa la maji ambayo yangetufikisha hadi siku ya mgao limekauka, na mashati mawili yananing'inia kwenye kamba. La winga lilikuwa jeupe pepepe. Povu la beseni lilikuwa bado na weusi-weusi pembeni, ndiyo taifa lenyewe hilo. La Messi lilikuwa limeng'aa zaidi, saini iko imara, kila mkunjo mahali pake.

"Watoto wenu wamewachorea nguo," mama alisema, akijipangusa mikono kwenye leso. "Hii moja imekubali kutoka. Hii nyingine nimeisugua na sabuni ya kipande mpaka vidole vimechubuka. Hiyo ni kalamu gani?"

"Ni ya kiwandani, Mama."

Shemeji alipopata habari alifurahi sana. Saini iliyomshinda mama yangu, alisema, sasa ina vyeti viwili.

Nilirudi Toyoyo. Winga alicheka mpaka akashika magoti, lakini safari hii alikuwa ameshasikia kwamba vitu hivi huuzwa mamilioni huko London, na hakutaka mchezo. Aliomba kiti. Alitandaza shati juu ya boneti ya Probox ya jirani, akaikunjua mikunjo yote, akauma ulimi, akaandika majina yake matatu kwa herufi kubwa zilizosimama mstari mmoja, moja baada ya nyingine, akipumzika katikati. Chini akaweka tarehe. Chini ya tarehe akaweka namba ya kitambulisho.

"Ndiyo mtu asikusumbue," akasema.

Kesho yake nilipita Kaloleni na gazeti. Mzee alilichukua shati, akalitazama kwa muda mrefu, akafuata kila herufi kwa kucha yake, vidoa vyote akavipata.

"Huyu kijana namjua tangu akicheza pekupeku," akasema. "Hajawahi kumaliza kuandika jina lake. Wamekuuzia pesa ngapi?"