Kiingilio Lazima Kirudi

Kila Sabasaba ikiisha, bosi wetu huwa na swali moja tu: "Walikuja wangapi?" Haulizi walionunua, wala waliopiga simu baadaye, wala banda limekula shilingi ngapi. Anataka idadi. Na vijana wa bandani, ambao posho yao ya mwakani inategemea jibu hilo, hawajawahi kumnyima. Kuna mwaka walimletea idadi ambayo, ukiipigia hesabu, kila nusu dakika mtu mpya alikuwa anaingia kwenye kibanda cha mita tatu kwa tatu, tangu asubuhi hadi geti linafungwa. Bosi aliipokea kwa mikono miwili.

Sisi tunauza pampu za maji za umeme wa jua. Mteja wetu ni mtu mwenye shamba, mwenye kisima na mwenye pesa. Wenye vyote vitatu si wengi, na mwezi wa saba wengi wao wako huko huko mashambani. Lakini Viwanja vya Mwalimu Nyerere pale Barabara ya Kilwa hatuvikosi, kwa sababu washindani wetu wapo. Nao, nilikuja kuambiwa, wanakwenda kwa sababu sisi tupo.

Mgeni usimlaumu. Sabasaba ilikuwa sikukuu kabla haijawa soko: TANU ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954, na hadi leo siku hiyo watu hawaendi kazini. Baba wa Mbagala amewavalisha watoto nguo za Idi, kalipa nauli, kalipa kiingilio. Hakuja kutafuta pampu. Amekuja kuwaonesha watoto simba kwenye banda la maliasili, kuwalisha chipsi, na kuhakikisha kiingilio kinarudi. Kinarudi kwa kalamu, kwa kofia, kwa mfuko wenye nembo, na kwa vipeperushi ambavyo hakuna atakayevisoma.

"Shikamoo mama, karibu sana."

"Marahaba mwanangu. Hapa mnatoa nini?"

"Tunauza pampu za maji, mama."

"Sijauliza mnauza nini. Nimeuliza mnatoa nini."

Tukampa kofia. Akaomba na ya mjukuu. Akatukabidhi na mizigo yake tumtunzie, akaenda kumwangalia simba. Katika ripoti ya jioni yule mama alihesabiwa mara mbili, alipoleta mizigo na alipoifuata.

Kilichotuvutia watu zaidi ni mfano wetu wa kazi: pampu, pipa, paneli moja juu, na bomba linalomwaga maji safi yakirudi pipani. Watoto walinawa. Akina dada walijaza chupa. Na adhuhuri ikiingia, jua likiwa utosini na maji yakitoka kwa nguvu zote, wazee walipanga foleni ya heshima kabisa, suruali zimekunjwa hadi magotini, wakatia udhu. Mmoja alituombea dua ndefu, nami nikaitikia amina kwa dhati. Tatizo lilikuja ofisini. Kijana wa kompyuta alichora grafu ya wageni kwa saa, ikapanda kama mnazi kwenye saa saba mchana. Bosi akaitazama, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akaagiza kwamba kuanzia sasa matangazo yetu ya redio yarushwe saa saba mchana, maana ndiyo saa ya soko letu. Nilifungua mdomo, nikaufunga. Nani atamwambia bosi kwamba soko lake limekwenda kuswali?

Halafu kuna kitabu cha wageni. Safu ya maoni imejaa "hongereni", "mzidi hivyo hivyo" na "kazi nzuri", mwandiko wa watu wanaosukumwa na walio nyuma yao. Nilipokabidhiwa kazi ya kuwapigia, wa kwanza alidhani ni bahati nasibu, akataka kujua kashinda nini. Wa pili namba yake ilipungua tarakimu moja. Wa tatu alikuwa dada mpole sana: "Kaka, mimi huko sijafika. Kuna mtu anaandika namba yangu kila mahali. Ukimpata, nipe na mimi namba yake."

Aliyetuokoa ni mhasibu. Mama huyu hana maneno mengi. Aliweka karatasi mezani, akasema tuseme banda, usafiri, posho, fulana na kofia vimekula milioni 6, na waliolipia pampu kwa sababu ya Sabasaba ni 12. Kila mteja ametugharimu 500,000 kabla hatujamuuzia hata mfereji. Kama faida ya pampu moja iko juu ya hapo, twendeni. Kama iko chini, basi tunagawa sadaka, na sadaka haihitaji banda. Bosi akauliza: "Na wale maelfu?" Mama akajibu: "Wale wameshalipwa kofia."

Alileta na namba ya kulipia ya maonesho peke yake, ili pesa ya Sabasaba isijifiche ndani ya pesa nyingine. Kitabu cha wageni akakifuta, akatupa karatasi ya maswali matatu: kisima kina mita ngapi kwenda chini, unahitaji lita ngapi kwa siku, na unataka kufunga lini. Bila majibu ya hayo mawili ya kwanza, fundi hawezi hata kukuchagulia pampu. Mwenye kisima hujibu kabla hujamaliza kuuliza, kisha anaanza kumlalamikia aliyekichimba. Asiyenacho anauliza simba yuko wapi. Karatasi za siku nzima ziliingia kwenye mfuko wa shati, na wote walipigiwa simu kabla wiki haijaisha, wakiwa bado wanatukumbuka.

Isipokuwa mteja wetu mkubwa. Huyo alipiga mwezi wa kumi kutoka upande wa Chalinze, akachukua pampu tatu. Tukamuuliza, kama tulivyofundishwa, alitupata wapi. "Kwenye karanga." Boksi la vipeperushi lililopotea siku ya pili liliangukia kwa muuza karanga, akawa anasokota vikoni vyake kwa karatasi yetu nzuri ya rangi, hadi stendi. Mhasibu hakucheka. Aliongeza safu kwenye jedwali lake, akaandika "Karanga", na hadi leo ndiyo njia yetu yenye gharama ndogo kuliko zote kwa kila mteja.

Mwaka huu bajeti ya kofia imehamia kwenye vocha za simu, mafuta ya pikipiki ya fundi, na banda la Nanenane kule Nzuguni, Dodoma, ambako wakulima wanakuja wenyewe. Bomba la maji limebaki, bosi amekataa katakata liondolewe. Kwa hiyo ukifika bandani kwetu Sabasaba, kofia hakuna. Maji ya udhu yapo. Simba fuata umati. Na kama una kisima, njoo uketi, kiti kipo.