Sifa za Neno Lisilo na Mwenyewe

Wapo waliosifu mnazi, wapo waliosifu bahari. Mimi mkazi wa Nanganga, hapa barabara ya Masasi inapoachana na ile ya Ruangwa, nalisifu neno refu la Kiingereza linaloishia na t, i, o na n. Haki ya kulisifu ninayo kuliko wengi. Kwa kuwa nilifika kidato cha sita na kijijini sikuondoka, kila semina ikija mimi ndiye ninayeitwa: "Kijana, hebu tutafsirie."

Fadhila zake ndogondogo nizipitie harakaharaka. Huleta utulivu: mtoto aliyemaliza darasa la saba akiwa bingwa wa kubishana kwa Kiswahili, mpe classification na respiration kidato cha kwanza, atanyamaza hadi Desemba. Hunenepesha posho, maana andiko la mradi lenye commercialization halipati fedha sawa na lenye kuuza tu. Hujaza bango kitita: juzi mwezeshaji alianza kuliandika neno hilohilo kwa kalamu nene nyekundu, karatasi ikamwishia kwenye l, ikabidi herufi zilizobaki azipandishe pembeni kwenda juu. Bibi mmoja wa mstari wa mbele akauliza kama hiyo ndiyo dawa mpya ya ubwiriunga, ule ugonjwa wa mikorosho. Na ukoo wenyewe ni mkubwa. Mzee wao, floccinaucinihilipilification, ana herufi 29, na maana yake ni kukihesabu kitu kuwa hakina thamani yoyote. Kwa jina hajawahi kufika Nanganga. Kazi yake tunaiona kila msimu, korosho zinapopangwa madaraja.

Lakini fadhila iliyo kuu ni kwamba neno hili halina mtenda. Kiswahili ni lugha ya umbea. Tamka kitenzi, papo hapo kiambishi kinakuchongea: amekata, wamekata, umekata. Hata ukijitahidi kumsitiri mtu kwa kusema miti imekatwa, msikilizaji anabaki amekutolea macho: na nani? Sasa sema deforestation. Miti haipo na hakuna aliyeshika shoka. Imejiondokea kwa hiari yake. Sema misappropriation: mali ya amana imeingia mfukoni, na mfuko hauna mwenyewe. Kwa stara, buibui halioni ndani.

Ukitaka kuijua stara hiyo inafika wapi, chukua villagization, herufi 13 tu. Mwaka 1973 kuishi vijijini kulifanywa amri, na huku Masasi na Newala watu wakahamishwa. Kwetu ikaitwa Operesheni Vijiji, na operesheni naye ni mwana wa ukoo uleule aliyebadili jina. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna korosho zipatazo tani 145,000. Msimu wa 1986/87 hazikufika 17,000. Wataalamu wanataja bei duni, wanataja ubwiriunga, kisha wanaongeza, kwa upole kabisa, villagization. Upole gani huo! Watu walivunjiwa nyumba, na nyumba haijivunji. Aliyeivunja alikuwa na jina, alikuwa na mama, jioni alirudi kwake akala ugali. Mikorosho ikaachwa nyuma huko, mbali na kijiji kipya, ikamezwa na kichaka, halafu mwenye mikorosho anaelezwa kuwa lililompata ni herufi 13.

Samahani. Nilikuwa nasifu.

Na tusiwasingizie Waingereza. Askofu Edward Steere alipowaleta Masasi watu waliotolewa utumwani, mwaka 1876, alikuwa ameshatoa kitabu cha kufundishia Kiswahili tangu 1870. Mwingereza yule alihangaika na ngeli zetu ili watu wamwelewe. Wanaoling'ang'ania neno refu leo ni watoto wa hapahapa, tuliochunga nao mbuzi, na wanaling'ang'ania kwa sababu iliyo kinyume na ya Askofu. Ukikutana na mmoja wao dukani anakuambia "bei imepanda, ndugu yangu," kama mtu yeyote. Mweke meza ya mbele na chupa ya maji, ulimi unageuka.

Msimu uliopita chama kimoja cha msingi cha ushirika, ambacho sikitaji kwa kuwa korosho zangu bado zinapita ghalani mwake, kiliwaita wanachama wasomewe ripoti ya mkaguzi. Ripoti yenyewe ya Kiingereza. Mwenyekiti akaisoma polepole hadi penye misappropriation, akalitamka silabi kwa silabi bila kukosea hata moja, akanywa maji, akanigeukia.

Nikasimama. "Wameiba makato yetu."

"Tafsiri sawasawa," akasema. "Hapa hakuna wameiba. Nani ameandika wa?"

Nikaitazama karatasi. Kweli, wa haikuwapo. Nikajirekebisha: "Ndugu wanachama, kumetokea upotevu wa makato." Meza ya mbele ikatikisa vichwa kwa kuridhika, hiyo ndiyo tafsiri ya msomi. Bibi yule wa dawa ya ubwiriunga akanyoosha mkono.

"Mjukuu wangu, kumetokea nani?"

Mwenyekiti akasema swali ni zuri sana, na kwamba litajibiwa kwenye mengineyo.